Farasi si bodaboda: niliyojifunza baada ya kuua farasi watatu

Nimeendesha bodaboda miaka minne hapa Mtwara mjini kabla sijashika pedi ya PS4, mashine ya gemu, kwa dhati. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Binamu yangu ana kibanda cha gemu Chikongola. Ni chumba kimoja, TV mbili, viti vya plastiki, na feni inayozunguka ikijisikia. Mchana ni mpira mtupu, vijana wanabishana mpaka jirani anagonga ukuta. Usiku wateja wakipungua ananiachia mashine moja. Siku moja akanipa kasha lenye diski mbili, Red Dead Redemption 2, akasema, "Kaka, hii haina mpira. Imekaa hapa miezi, hakuna anayeitaka. Icheze wewe."

Kwa asiyeijua, ni gemu ya Rockstar Games, ilitoka Oktoba 2018. Hadithi yake inaanza mwaka 1899 huko Marekani. Wewe ni Arthur Morgan, jambazi wa makamo, yeye na genge lake wanakimbia sheria. Kuna treni na mikokoteni, ila usafiri wako wa kila siku ni farasi. Neno moja kabla hujaanza: ile diski ya kwanza ni ya kupakia, ya pili ndiyo ya kuchezea, na vyote vinakula zaidi ya GB 100. Ondoa gemu nyingine mapema. Mimi nilisubiri upakiaji tangu magharibi hadi watu wanatoka kula.

Sasa farasi. Katika mji wa Valentine nilipata farasi wangu wa kwanza wa kudumu. Zizini unaruhusiwa kumpa jina, nikamwita Boxer, kama pikipiki niliyokuwa naendesha. Nikapanda, nikaanza kugonga kitufe cha X kama mtu anayevuta mafuta kuwahi abiria wa Mikindani. Boxer akaruka. Mbele nikaona reli, na treni inakuja. Dereva wa bodaboda anajua hesabu hiyo kichwani: yule yupo pale, mimi nipo hapa, napita. Sikupita.

Nikadhani atarudi. Katika gemu iliyotangulia, ile ya 2010, ukiwa na hati ya farasi mfukoni, akifa unamwita tena na maisha yanaendelea. Hapa akifa amekufa. Unabaki umesimama na kofia yako, na kama una akili unakwenda kuvua tandiko kwenye mzoga ulichukue, maana tandiko ulilinunua kwa pesa.

Wa pili nilimshusha mlimani kwa kasi, kwenye mteremko wa mawe ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili. Wa tatu alipigwa risasi kwenye vurugu niliyoianzisha mwenyewe. Alilala chini akihema, bado mzima. Skrini ikanionyesha machaguo, na sikuyaelewa yote, kwa kuwa Kiingereza changu ni cha kuuliza watalii wanaenda wapi. Chaguo lililokuwa wazi kwangu lilikuwa la kummalizia asiteseke. Baadaye ndipo nikajua kuna dawa ya kumwinua farasi aliyeanguka, inauzwa zizini, na mimi sikuwa nayo.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: usitoke mjini bila hiyo dawa, na ziwe mbili au tatu. Bunduki nzuri inaweza kusubiri.

La pili linahusu pumzi. Chini ya skrini kuna alama za farasi zenye umbo la duara, moja ya afya na moja ya pumzi. Kila moja ina pete ya nje na kiini cha ndani. Unapomkimbiza, pete ya pumzi inapungua kwanza. Ikiisha na wewe bado unagonga X, atakutupa chini, na mbele ya watu inaaibisha. Pete inarudi mkipunguza mwendo. Kiini kinataka chakula na mapumziko. Nilipoelewa hilo nilikumbuka barabara ya kupanda Newala na gunia la korosho nyuma: injini inapiga kelele, inanuka, na mtu mwenye busara anashuka pembeni, anaiacha ipoe, anakula hata ming'oko miwili, vile viazi vyetu vya porini. Asiye na busara anafika juu akisukuma.

Halafu kuna kitu ambacho watoto wa kibandani walikigundua kabla yangu. Ukigonga X ovyo, pumzi inaisha upesi. Ukigonga kwa kufuata kwato, yaani kidole kishuke pale farasi anaponyoosha mwili, anakwenda mbali zaidi kwa pumzi ileile. Zima muziki wa simu, ongeza sauti ya TV, sikiliza. Mtu aliyekulia huku kusini, aliyesimama pembeni ya ngoma ya sindimba tangu mdogo, hilo halitamsumbua. Mimi lilinichukua usiku mmoja.

Lakini kiini cha ushauri wangu ni ukaribu, na hapo ndipo nilipobadilika. Farasi huyu ana leveli nne za kukuzoea. Mwanzoni ni mgeni kwako. Anaogopa mbwamwitu, anaogopa nyoka, anaogopa risasi, na akiogopa anakurusha. Kadiri anavyokuzoea, afya na pumzi zinaongezeka, anasikia mluzi wako kutoka mbali, anatulia kwenye vurugu, na anajifunza mikogo: kusimama kwa miguu ya nyuma, kukata kona kwa kuteleza, mwishoni hata kutembea kiubavu kama anacheza. Na ukaribu huo ni wa farasi yule tu. Ukibadili farasi, unaanza moja.

Unaupataje? Kwa vitu vidogo unavyovidharau. Bonyeza L3, yaani kijiti cha kushoto cha pedi, mkiwa njiani, Arthur atampapasa shingo na kumsemesha. Mkiona kitu cha kutisha, bonyeza hiyohiyo kabla hajapagawa, si baada. Mlishe karoti, tofaa, nyasi kavu. Ukishuka, simama karibu naye, shika L2, kitufe cha nyuma kushoto, machaguo yatatokea, mpige brashi. Matope yakimjaa mwilini afya yake inadorora, hivyo brashi haiko pale kwa urembo tu. Kama una haraka, mvushe mtoni, maji yatamtoa uchafu.

Hapa nikubali, ubodaboda ulinisaidia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kijiweni nilikuwa naosha pikipiki ya tajiri, nagusa mnyororo, nasikiliza injini ikiwa baridi. Wenzangu walinicheka kwamba naiosha kama ya harusi. Lakini pikipiki zao zilikuwa gereji, yangu ilikuwa barabarani, na hesabu ya tajiri ilikuwa inafika jioni. Kosa langu kwenye gemu halikuwa kuwa bodaboda. Kosa lilikuwa kuchukua ule ubodaboda wa mchana na kuacha ule wa asubuhi.

Siku niliyoanza kumpiga brashi farasi kila tukisimama, dogo mmoja anayekaaga nyuma kutazama bure akaniuliza, "Kaka, farasi wa kweli nao wanapigwa brashi hivyo?" Sikuwa na jibu. Sijawahi kumgusa farasi maishani mwangu. Huku kwetu hata punda ni wa kuhesabu. Wazee wanasema mbung'o ndiye mwenye nchi, na hawakosei: mdudu huyo hueneza nagana, ugonjwa unaowamaliza farasi kama unavyomaliza ng'ombe, na kuna tauni nyingine ya farasi barani Afrika inayoletwa na vidudu vidogo vinavyouma usiku. Kwa hiyo farasi wetu tunaokutana nao ni wa kwenye TV, na neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Dogo akasema basi huyu ndiye wetu wa kweli. Nikamwachia pedi ampige brashi.

Bunduki nazo zina mtego. Bunduki ndefu zinakaa kwenye tandiko. Ukishuka kuwinda bila kuzichagua, unaingia msituni na bastola tu, na dubu hajali kama ulisahau. Kabla hujashuka, chagua bunduki mbili unazozitaka. Nilifanya kosa hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Kuhusu aina za farasi, wapo wanaojua majina yote kama wengine wanavyojua kikosi cha timu. Mimi nasema hivi tu: wapo wa kazi, wazito na wapole, wapo wa mbio, wepesi na waoga, wapo wa vita, wagumu kutishika. Aina za juu kabisa, kama farasi wa Kiarabu na Turkoman, zizini zinauzwa ghali. Ila kuna Mwarabu mweupe wa bure, anazurura kwenye theluji upande wa magharibi wa Ziwa Isabella, kule jimbo la Ambarino kwenye ramani ya gemu. Unaweza kumfuata mapema, tangu sura ya pili ya hadithi, ukiwa na kamba na subira.

Usimwendee kwa kasi. Shuka kwenye farasi wako mbali, tembea polepole, akiinua kichwa simama, mtulize, tembea tena. Mimi nilimtorosha mara tano. Mara ya sita nilimfunga kamba, nikampanda, akaanza kurukaruka, na hapo siri ni kusukuma kijiti upande ulio kinyume na anakokuvutia mpaka achoke. Akachoka. Watoto wote kibandani wakapiga kelele kama timu imesawazisha dakika ya tisini. Wao ndio waliompa jina, Chumvi, kwa weupe wake. Mmojawao akagundua pia kwamba farasi dume kwenye baridi kuna mahali panajikunyata, kweli kabisa, Rockstar walilifikiria hata hilo, na kibanda hakikutulia tena usiku ule.

Kusevu: gemu inajisevu yenyewe, na inaweza kujisevu mara tu baada ya farasi kufa. Kwa hiyo sevu mwenyewe kila unapofika kambini, kwenye nafasi tofauti. Huku umeme ukikatika haukuagi. Usiku mmoja ulikatika yapata muda wa saa mbili tangu nimkamate Chumvi, na kilichoniokoa ni kwamba binamu alinikumbusha nisevu kabla hajaenda kununua chapati.

Kuna pia namna ya kumwacha farasi aende mwenyewe. Weka alama kwenye ramani, mkimbize njiani, halafu shikilia ile sehemu ya kugusa katikati ya pedi mpaka picha ibadilike kama ya sinema. Atafuata barabara peke yake. Ni raha ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Lakini usitoke nje. Mimi nilitoka mara moja kuongea na mtu mlangoni, nikarudi nikakuta majambazi wamefunga njia na Arthur anapigwa risasi akitazama mandhari.

Nimebakiza moja, na kama hujafika mwisho wa sura ya sita, acha kusoma hapa.

Wapo wanaoshauri kwamba ukikaribia mwisho wa sura hiyo, farasi unayempenda umwache zizini, upande mwingine yeyote. Mimi sikuwa nimeambiwa. Nilikwenda na Chumvi, leveli nne, kapigwa brashi asubuhi yake, begi likiwa na chupa tatu za dawa. Kibanda kilijaa, binamu alizima mpira kwenye TV ya pili ili waone vizuri. Tukakimbia usiku, risasi nyuma, na Chumvi akaanguka.

Yule dogo wa nyuma alisimama juu ya kiti. "Kaka, mpe dawa! Ipo, mpe!"

Nilibonyeza kila kitufe. Arthur alipiga magoti pale kando ya shingo yake, na skrini haikunipa chaguo lolote.