Kontrola ya MIDI na Ardour: angalia namba kwanza

Studio ya chumbani, iwe Sakina au Njiro hapa Arusha, haihitaji meza kubwa ya kumiksia. Korg nanoKONTROL2, kontrola ndogo ya USB yenye fada nane (vitelezi vya sauti) na vitufe vya kucheza na kurekodi, inatosha kuendesha Ardour, programu ya kurekodi muziki, kwenye Linux. Inaongea na kompyuta kwa MIDI, yaani amri za namba, si sauti yenyewe. Wengi hukwama kwa sababu huivamia programu kabla ya kujua kontrola yenyewe inatuma nini.

Anzia kwenye terminali. Andika aconnect -l uone namba ya kontrola. Kama ni 24, andika aseqdump -p 24 kisha sukuma fada ya kwanza. Unatakiwa kuona "Control change", "controller" namba 0, thamani ikipanda kutoka 0 hadi 127. Ikitokea "Pitch bend", ujue imepangwa kwa ajili ya programu nyingine: chomoa waya, shikilia SET na CYCLE kwa pamoja, halafu chomeka tena.

Sasa toa mkono, uendelee kutazama. Namba zikicheza zenyewe, 63, 64, 63, 64, fada hiyo imeingia vumbi, na wakati wa kiangazi vumbi la Arusha linafika hadi ndani ya kabati. Usilidharau: ukirekodi otomesheni (mienendo ya fada ndani ya wimbo), huko kutetemeka nako kunaandikwa. Fagia mwanya wa fada kwa brashi laini kavu. Isipotulia, kazi ya sauti kuu ipe fada nyingine. Kitambaa cha kuifunika usiku ni kinga nzuri kuliko dawa yoyote.

Ndani ya Ardour, nenda Edit, Preferences, Control Surfaces, washa Generic MIDI, ufungue mipangilio yake na kuchagua mlango wa kontrola yako. Alama ya Motorized usiiweke, maana fada hizi hazina mota. Ndiyo maana ukisukuma fada mwanzoni hakuna kinachotokea: Ardour inasubiri ifike pale ilipo fada ya kwenye skrini, la sivyo sauti ingeruka ghafla. Ivute polepole mpaka ishike.

Kuunganisha kimoja kimoja ni rahisi: shikilia Ctrl, bonyeza fada ya skrini kwa kitufe cha kati cha mausi, kisha sogeza fada ya mkononi. Lakini mpangilio huo unabaki kwenye session (kazi) hiyo moja. Kwa anayerekodi wasanii tofauti kila wiki, faili la ramani, linaloiambia Ardour kila fada inaendesha nini, ni bora zaidi. Ni maandishi ya kawaida, na mstari wa fada ya kwanza ni huu:

<Binding channel="1" ctl="0" uri="/route/gain B1"/>

Fada ya pili inakuwa ctl="1" na B2, hivyo hivyo hadi ya nane.

Kuhusu milango ya USB, saundikadi (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti) ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Kontrola ndiyo ipitie kwenye habu (kigawanyo cha milango ya USB), kwa kuwa data zake ni chache mno.