Kikosi cha zimamoto cha kujitolea nacho kinalipa kodi?

SWALI: Habari mhasibu. Mimi ni mweka hazina wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea huku mashambani Victoria, Australia. Mwaka jana tuliuza soseji, kampuni moja ikatupa dola 3,300 tubandike logo yao kwenye gari letu, na watu wakachanga kwenye ndoo. Kuna anayesema tunadaiwa kodi, mwingine anasema wa kujitolea hawaguswi. Halafu bili ya halmashauri nayo ina tozo mpya ya zimamoto, yaani tunazima moto na bado tunalipia?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Hao wawili kila mmoja kapatia nusu. Kujitolea peke yake hakukutoi kwenye kodi, maana ATO, yaani ofisi ya kodi ya Australia, hawaangalii jasho lenu, wanaangalia nyie ni nani kwenye makaratasi. Kwa hiyo kabla hujagusa hizo hela cheki kwanza ABN (namba ya biashara ya Australia) mnayotumia ni ya nani. Kama ni ya CFA, ile mamlaka ya zimamoto ya vijijini ya Victoria, nyie ni sehemu ya mamlaka ya jimbo, waulize wao kabla hujajaza fomu yoyote. Ila kama mna chama chenu pembeni cha kuchangisha hela, kisicho cha faida, kina ABN yake na hakijasajiliwa kama shirika la hisani, basi tangu mwaka wa fedha 2023–24 kikijiona kimesamehewa kodi ya mapato lazima kijaze taarifa ya kujikagua kila mwaka, kati ya Julai 1 na Oktoba 31. Hulipi kitu pale, unaeleza tu kwa nini mnajiona mmesamehewa. Watu wanaipuuza kwa sababu haina malipo, kosa hilo.

Tuje kwenye GST, ile kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10, hapa ndo penye utamu. Asasi isiyo ya faida inalazimika kujisajili mauzo yakifika dola 150,000 kwa mwaka, biashara ya kawaida ni 75,000, na kwa soseji sidhani kama mtafika huko. Lakini wengine wanajisajili kwa hiari ili warudishiwe GST ya manunuzi, na mkiwa mmejisajili ile 3,300 inabadilika sura. Siyo mchango ile, hata risiti ikiandikwa MCHANGO kwa herufi kubwa, kwa sababu mmeipa kampuni kitu, logo yake inazunguka wilaya nzima kwenye gari jekundu. Ni udhamini. Na GST yake ni dola 300, siyo 330, maana unagawa kwa 11, kodi iko ndani ya bei tayari (hapa hata wenzangu wa kazi huteleza). Yule bibi aliyetumbukiza dola 20 kwenye ndoo akaenda zake hajapewa chochote, hiyo haina GST. Zitenge kwenye daftari tangu siku ya kwanza, ukizichanganya utakuja kukaa usiku unakumbuka nani alitoa nini.

Tozo ya halmashauri ni kitu kingine kabisa. Ilianza Julai 1, 2025 ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya zimamoto, na inamhusu mwenye kiwanja au shamba, haimo kwenye hesabu za kikosi, kwa hiyo msithubutu kuilipa kwa hela ya ndoo. Wanaojitolea CFA na VICSES (huduma ya dharura ya jimbo) wameruhusiwa kuomba marejesho kwa nyumba wanayoishi au shamba lao. Hasira naielewa, ila kila mtu aombe yake mwenyewe.

Kuna kingine hujauliza na ndo kinachoniuma zaidi: mafuta. Asasi isiyo ya faida yenye gari la dharura inaruhusiwa kudai marejesho ya kodi ya mafuta, hata isipokuwa imejisajili GST. Mnaweza kurudi nyuma mpaka miaka 4. Kama dizeli mnanunua wenyewe na siyo kwa kadi ya CFA, fungua lile droo la risiti leo kabla wino haujafutika.