Zaburi Moja kwa Siku, Bila Kuruka

Kila Januari kuna watu wanaojipangia kuimaliza Biblia kwa mwaka. Hesabu yenyewe haitishi: sura 1,189, yaani tatu au nne kwa siku. Machi ikifika, wengi wamekwama kwenye Mambo ya Walawi, katikati ya sadaka za kuteketezwa na sheria za ukoma. Sina ugomvi na mpango huo, dada yangu huumaliza. Lakini anayetaka kusoma Neno ajifunze kushukuru, mimi humshauri aanze na zaburi moja kila asubuhi, kuanzia ya kwanza, bila kuruka hata moja.

Hapo kwenye kutoruka ndipo watu hunibishia. Mbona nisichague inayonigusa? Kwa sababu tukiachiwa kuchagua tunajua tutaishia wapi: zile za faraja, 23, 91, 121, kisha tunarudi 23. Makanisa yalishaliona hilo. Wakatoliki wana masomo ya kila siku yaliyokwisha kupangwa. Wamoravian wana mistari ya kila siku inayochapwa tangu 1731. Ule wa Agano la Kale huchaguliwa kwa bahati nasibu kule Herrnhut, Ujerumani, ndipo unatafutiwa mwenzake wa Agano Jipya. Msomaji anapokea tu alichopewa siku hiyo.

Zamu ya Zaburi ya 88 ilinifikia nikiwa namuuguza mama mkwe. Isome utaona. Mtu analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu kwa nini anamficha uso wake, na zaburi inaishia gizani, bila ile "lakini" ambayo maombolezo mengine hugeukia mwishoni. Nisingeifungua kwa hiari yangu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeyasema mbele za Mungu yale niliyokuwa naona haya kuyasema jumuiyani, ambako ukiulizwa hali ya mgonjwa unajibu "tunamshukuru Mungu" hata kama usiku kucha hamkulala. Nilichoshukuru asubuhi ile, kwa dhati kabisa, ni kwamba maneno hayo yameachwa ndani ya Biblia.

Namna ya kushukuru niliifunzwa na Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na "kwa maana fadhili zake ni za milele." Ukiisoma kimoyomoyo inachosha, isome kwa sauti, ikiwezekana mtu mwingine aitikie. Angalia inachokitaja: jua, mwezi, kutoka Misri, jangwa, hadi Sihoni na Ogu, wafalme ambao leo wengi wetu hatuna habari nao. Kisha, karibu na mwisho, "Awapaye wote wenye mwili chakula." Hakuna shukrani ya jumla jumla pale, kila kitu kimetajwa kwa jina lake.

Basi nami nikimaliza kusoma huandika daftarini mstari mmoja wa aina hiyo, wenye kitu kinachoonekana. Sio "asante kwa baraka zote." Naandika kwamba jirani alinishikia mtoto nilipochelewa kazini, au maji yametoka leo na mapipa yamejaa. Siku ambayo sina cha kuandika nanakili mstari wa zaburi yenyewe, nafunga daftari. Usijilazimishe furaha, Paulo alipowaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, katika barua hiyo hiyo aliongelea dhiki zao bila kuzificha.

Simu hutosha kama huna Biblia ya karatasi, ila zima data kwanza, maana ujumbe wa kikundi cha harusi utakukuta mstari wa pili.

Na ukifika Zaburi ya 119, yenye mistari 176, usiibebe yote kwa siku moja. Imegawanyika katika vifungu 22 vya mistari minane minane. Chukua kimoja kila asubuhi. Ya 120 ina mistari saba tu, utapumzika hapo.