Shangazi, ninunue gari jipya la kuvuta tela au niendelee kukodi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume na baba wa watoto watatu. Tunaishi Uyole, Mbeya, na mashamba yetu ya viazi mviringo yako juu, Isyonje. Mbali na kulima, hununua viazi vya majirani na kuvishusha Uyole na Mwanjelwa. Kwa kazi hiyo hukodi lori dogo, Canter, inayobeba magunia 35 ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita mdomo, kwa shilingi 200,000 kila safari, kama safari 60 kwa mwaka. Nimechoka, kwa sababu msimu ukikolea mwenye Canter hunipanga foleni na viazi hubaki shambani vikinyeshewa. Sasa nimepata pikapu mpya ya dizeli, dabo kebini, kwa shilingi milioni 145. Muuzaji amenihakikishia kwamba inavuta tani tatu na nusu, na fundi wa mtaani kwetu atanichomelea tela la ekseli mbili. Nina milioni 55, na benki iko tayari kunikopesha 90 kwa miaka minne, dhamana ikiwa nyumba tunayoishi. Mke wangu amekataa kusaini. Anasema gari lina spea lakini nyumba haina. Kaka yangu ananiambia mwanaume haombi ruhusa, nijaze fomu kwamba sijaoa. Tangu hapo nyumbani hatuzungumzi vizuri. Nifanye nini?

Mkulima wa Isyonje

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali mawili, la gari na la nyumba, lakini nitaanza na fomu hiyo kwa sababu ndiyo inayoweza kukuharibia zaidi na kwa haraka zaidi. Usiijaze. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtaka mkopeshaji ajiridhishe kwamba ridhaa hiyo ipo. Ukiandika kwamba hujaoa, ilhali una mke na watoto watatu wanaojulikana na jirani zako wote, utakuwa umesema uongo mbele ya benki kwa maandishi na kwa sahihi yako, na siku mkeo atakapokwenda mahakamani utasimama peke yako. Kaka yako hatakuwapo. Mshukuru kwa kukujali, kisha mwambie shauri hilo limekwisha.

Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ambapo mkeo amesema hataki gari, na sikupaona. Alichokataa ni nyumba kuwekwa rehani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ninyi mmekuwa mkigombana kama kwamba ni moja. Mwanamke anayesema gari lina spea lakini nyumba haina amekwisha kufikiria jambo hili kwa undani kuliko muuzaji, na pengine, uniwie radhi, kuliko wewe.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa tarakimu ulizonipa mwenyewe. Safari 60 kwa shilingi 200,000 ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Hicho ndicho unachotaka kuokoa. Mkopo wa milioni 90 kwa miaka minne unakudai milioni 22 na nusu kila mwaka, na hiyo ni fedha ya benki tu kabla ya riba. Juu yake weka riba yenyewe, bima kubwa ambayo benki huidai kwa gari lililokopewa, dizeli ambayo hadi sasa ilikuwa shauri la mwenye Canter, matairi ya gari na ya tela, na ushuru wa kulisajili tela, kwa maana tela husajiliwa na kupewa namba yake lenyewe. Ili gari hilo lijilipe lingehitaji kazi nyingine ya kubeba mizigo ya watu, ya uhakika, mvua na kiangazi, na katika barua yako hakuna kazi ya namna hiyo uliyoitaja.

Kuna jambo jingine ambalo naona hukuligusa kabisa, nalo linaniumiza kichwa kuliko riba. Hizo milioni 55 ulizonazo ndizo unazonunulia viazi vya majirani. Mkulima wa Isyonje hakukopeshi viazi hadi uviuze. Anataka fedha pale pale shambani, gunia likishashonwa. Ukizimimina zote kwenye gari utabaki na pikapu inayong'aa, tela jipya, rejesho la kila mwezi, na huna cha kupakia zaidi ya viazi vyako mwenyewe. Wafanyabiashara wengi wa mazao wamekwama hapo. Mtaji unageuka chombo, na chombo kinakaa uani kikisubiri mtaji.

Kuhusu tani tatu na nusu, muuzaji hakukudanganya, lakini hakukumalizia. Pikapu nyingi za dizeli za siku hizi zimeidhinishwa na watengenezaji wake kuvuta kilo 3,500, kwa sharti kwamba tela liwe na breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki kikomo chake kwa kawaida ni kilo 750, yaani tela dogo lenye magunia machache tu. Nenda leo kwa fundi wako umuulize kama tela atakalokuchomelea litakuwa na breki, za aina gani, na ni nani amewahi kumtengenezea akaliona likifanya kazi. Matela mengi ya kuchomelea mtaani yana ekseli, springi, matairi na taa mbili za nyuma, basi.

Kisha kumbuka kwamba hizo kilo 3,500 ni pamoja na uzito wa tela. Tuseme tela la chuma la ekseli mbili lina kilo 800. Mzigo unaobaki ni kilo 2,700. Wakala wa Vipimo hawaruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini wewe umeandika lumbesa, na sote tunajua lumbesa ni kitu gani. Kama lako lina kilo 130, tela litachukua magunia 20 na si zaidi. Sehemu ya uzito wa tela, kiasi cha moja ya kumi, ni lazima ilalie kwenye ndoano ya gari ili tela lisiyumbe barabarani, na hizo kilo 350 zinahesabiwa kuwa mzigo wa pikapu. Pikapu ya namna hiyo hubeba karibu tani moja kwa jumla. Ukiondoa za ndoano, ukamwondoa dereva na kijana wa kupakia, kwenye bodi unabaki na nafasi ya magunia matatu, hata kama kwa macho unaona yanaingia kumi. Mtengenezaji anaweka pia kikomo cha gari na tela kwa pamoja, ambacho mara nyingi hakiruhusu vyote viwili vijazwe hadi mwisho. Kwa hiyo mzigo ambao Canter ya magunia 35 inakuletea kwa safari mbili, pikapu na tela vitahitaji safari tatu na kidogo. Safari zako 60 zitazidi 90.

Na safari zenyewe ni za kushuka na mzigo. Unapanda mtupu kutoka Uyole na unateremka umejaa, barabara ikiwa imelowa, ukungu wa milima ya Uporoto ukiwa umetanda, na tela la tani tatu na nusu likiisukuma pikapu yenye uzito wa tani mbili na kitu. Injini ya dizeli ina nguvu kubwa ya kuvuta, lakini gari likiteremka kwa gia, yenyewe haishiki sana, ndiyo maana malori makubwa hufungwa breki ya ekzosi, kifaa ambacho pikapu kwa kawaida haina. Dereva akizoea kukanyaga breki kutoka juu hadi chini, zinapata moto hadi zinaacha kushika. Wewe ni mtu wa Mbeya, sina haja ya kukusimulia ajali zinazotokea kwenye miteremko ya Iwambi na Inyala. Ninakuomba tu ulifikirie tela lisilo na breki katika kona ya kwanza yenye tope, na nani atakuwa ameketi kando ya dereva siku hiyo. Watoto wetu hupenda sana kupanda gari jipya la baba.

Nisiwe mchoyo wa haki: gari lenyewe ni zuri. Katika nyanda zetu hizi hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo katika milima ya Uporoto, inayopita mita 2,000, sehemu moja ya tano inakuwa imekwenda. Dizeli mpya yenye tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, inapanda bila kulalamika na inakula mafuta kidogo kuliko injini ya petroli yenye kazi kama hiyo. Lakini pampu na nozeli za injini hizi hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na hazivumilii maji wala uchafu kwenye dizeli. Mafuta ya kwenye madumu yanayouzwa kando ya barabara, ambayo injini za zamani ziliyavumilia, yanaweza kukuharibia nozeli zote, na bei ya seti moja itakutoa jasho. Kama gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, uliza pia namna kinavyojisafisha, kwa sababu safari fupi fupi zisizoipa injini joto la kutosha hukiziba.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usilinunue gari hilo kwa mkopo huo wala kwa dhamana hiyo. Kero yako ya kweli ni foleni ya msimu, na kero hiyo ina dawa nafuu zaidi. Anza na mwenye Canter mwenyewe. Kabla ya msimu, mwekee malipo ya awali ya safari kadhaa, mwandikishiane siku zako kwa karatasi, tena mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na uone kama ataendelea kukupanga foleni. Kama wapo wanunuzi wenzako wawili watatu pale Isyonje wenye shida kama yako, kodini gari moja kwa msimu mzima, mgawane siku.

Ukiona bado unahitaji chombo chako, tafuta Canter iliyotumika ambayo bei yake itakuachia walau nusu ya milioni 55 zako kama mtaji wa viazi. Canter hubeba mzigo mgongoni mwake, kwa ekseli zake na breki zake, haiburuzi kitu nyuma, na spea zake zinapatikana mjini bila kuagizwa. Nenda na fundi wako wewe, asiwe fundi wa muuzaji; aiwashe ikiwa ya baridi asubuhi, aikague chesisi kwa chini mahali palipochomelewa, na aijaribu mlimani ikiwa na mzigo. Hakikisha kwa TRA, mamlaka ya mapato, kwamba jina la kwenye kadi ndilo la anayekuuzia na kwamba gari halidaiwi. Na ukishaipata, acha lumbesa. Inamwibia mkulima, na itavunja springi zako.

Pikapu mpya na tela vinaweza kuja baadaye, na sitasema ndoto hiyo ni mbaya. Siku utakapokuwa na mkataba wa kazi wa maandishi unaoweza kulipa rejesho lote hata viazi vikikosa bei, na dhamana ikawa gari lenyewe au shamba ambalo wote wawili mmekubaliana, na tela likawa na breki zake, nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

Limebaki la nyumbani. Mwanangu, usiende kwa mkeo na jibu langu mkononi kama hukumu ya kushinda au kushindwa. Chagua jioni ambayo watoto wamekwisha kulala, mwambie kwamba umeielewa hofu yake kuhusu nyumba na kwamba suala la kuiweka rehani umelifuta. Litamke hilo kwanza, kabla ya tarakimu yoyote, kwa sababu akiwa bado anahofia kupoteza nyumba hatazisikia hesabu zako. Mwambie pia kuhusu ile fomu. Najua ni kazi ngumu, lakini kaka yako ana mdomo, na ni heri asikie kwako. Baada ya hapo leteni daftari mezani, muulize yeye ni kiasi gani cha zile milioni 55 anaona kinaweza kuwekwa kwenye chombo bila kuwanyima watoto ada, na kiasi atakachokitaja kiandikeni hapo hapo kiwe ndicho kikomo chenu cha kutafutia gari.

Wiki hii mpigie muuzaji umwambie hutachukua gari hilo kwa sasa. Kama ulimpa fedha ya kushikia, omba irudishwe kwa kufuata maneno ya risiti yenu, na usisaini karatasi nyingine yoyote. Halafu, siku yoyote ya soko, chukua magunia yako matano ya kawaida uyapitishe kwenye mizani, uandike uzito wa kila moja, kwa sababu utauhitaji uzito huo utakapoanza kuzikagua hizo Canter.