Mafua Mapya Yakiingia: Ushauri kwa Mnaosimama Mbele ya Watu

Wiki iliyopita kijana mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Shinyanga, aliniandikia ujumbe na baada ya kunipa shikamoo akauliza swali moja tu: «Mama, mafua mapya yakiingia leo, niwaambie watu nini ili wanisikilize?» Nilimjibu kwa simu, lakini jibu lenyewe ni refu, na najua mko wengi mnaotamani siku moja msimame kwenye mkutano wa kijiji, mseme neno kuhusu afya na neno hilo lishikwe. Ninawaandikia ninyi, kutokana na yale niliyoyafanya mwaka 2009 nikiwa afisa afya wa kata moja pembezoni mwa mji wa Moshi.

Mafua ya H1N1, ambayo watu waliyaita mafua ya nguruwe, yaligunduliwa Mexico na Marekani mwezi Aprili mwaka huo, na tarehe 11 Juni Dk. Margaret Chan, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kuwa ni janga la dunia nzima, wakati ambapo nchi 74 zilikuwa tayari zimeripoti wagonjwa. Mwishoni mwa Juni Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, na Julai ikawa zamu yetu. Kwenye kata yangu watu walikuwa wamekwisha kujichagulia kinga yao wenyewe, nayo ilikuwa kuacha kitimoto. Huko Misri serikali ilikwenda mbali zaidi na kuamuru nguruwe wote wa nchi hiyo, wapatao 300,000, wachinjwe, ingawa ugonjwa ulikuwa ukisambaa kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kikohozi, chafya na mikono, na nyama iliyopikwa ikaiva haimwambukizi mtu. Nilikuwa nikipita vilabuni jioni na kuwaona watu walioapa kutogusa nyama ya nguruwe wakipokezana kibuyu kimoja cha pombe ya mbege, mdomo kwa mdomo, huku mmoja wao akikohoa.

Waraka wa tahadhari uliponifikia, ulikuwa na kurasa nyingi zinazoeleza aina za virusi, na mahali pa kumwambia mama mwenye watoto wanne afanye nini asubuhi palikuwa padogo sana. Niliketi nikaandika tangazo la nusu ukurasa lenye mistari minne: osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kohoa na upige chafya kwenye kiwiko, si kwenye kiganja, ukiwa na homa na kikohozi baki nyumbani mpaka zipite saa 24 tangu homa iondoke yenyewe bila dawa, ukibanwa na pumzi nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mkubwa wangu wa kazi alilisoma akasema halina uzito wa kitaalamu. Nililinakili kwa mkono nikalibandika kwenye maduka, kwenye mashine ya kusaga na kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji. Baadaye mistari ile ile minne ilisomwa kwenye kikao kama kazi ya kamati ambayo mimi sikuwamo, na watu wakaipigia makofi. Iliniuma, na bado inaniuma. Hata hivyo tangazo lilifanya kazi, na ninyi mtakaopitia hayo hayo msiache kubandika matangazo kwa sababu ya mtu asiyetaka kuyatia saini.

Mstari wa kwanza ndio ulionipa kazi kubwa, kwa kuwa kumwambia mtoto wa shule anawe wakati shule haina bomba ni kumwonea. Shule ya msingi ya kata yetu ilikuwa na wanafunzi wengi na tangi moja la maji ya mvua. Tukatengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya lita tano: tunatoboa tundu dogo chini kidogo ya mfuniko, tunalipitisha dumu kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili, kisha tunafunga kamba kutoka shingo ya dumu hadi kwenye kijiti kilicholala chini, ili mtoto akikanyaga kijiti dumu liiname, maji yatoke, na mkono wake mchafu usiguse chochote. Sabuni ndiyo iliyotusumbua. Tukiiweka wazi, kunguru wanaichukua na kuruka nayo. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu akaikata vipande, akavitia ndani ya kipande cha chandarua kilichochakaa na kukining'iniza kando ya dumu, na tangu hapo sabuni ikadumu. Watoto walinawa wakihesabu polepole hadi ishirini kwa sauti ya pamoja. Kwa utaratibu huo kila mtoto alitumia maji kidogo tu, na hakuna mzazi aliyetakiwa kuchangia fedha.

Mstari wa nne ndio ninaojivunia kuliko yote. Mafua ya 2009 hayakufuata kawaida: wazee wa zaidi ya miaka 60 wengi walikuwa na kinga kiasi kutokana na virusi vya zamani vinavyofanana na vile, ilhali vijana, wajawazito, wenye pumu na wenye kisukari ndio waliozidiwa. Fundi seremala mmoja alikuwa na mke mwenye mimba ya miezi saba, ambaye baada ya siku kadhaa za homa alipata nafuu, kisha homa ikarudi kwa nguvu na akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Mama mkwe alitaka ajifukize na alale. Yule fundi alikuwa amelisoma tangazo kwenye mashine ya kusaga, akakodi gari usiku ule ule. Mkewe aliwekewa hewa ya oksijeni, na mtoto akazaliwa kwa wakati wake.

Hakuna sampuli iliyochukuliwa, kwa hiyo mama yule hayumo katika hesabu yoyote. Vifo vilivyothibitishwa kwa vipimo duniani vilikuwa takriban 18,500, lakini watafiti waliokokotoa baadaye walikadiria kati ya 151,700 na 575,400 katika mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu yao wakiwa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, ambako maabara zilikuwa chache. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba usingoje tangazo la mgonjwa wa kwanza wilayani kwako ndipo uanze kufundisha dalili za hatari: kubanwa pumzi, maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa, mtoto kukataa kunyonya, na homa iliyoondoka kisha ikarudi.

Kuhusu dawa, semeni ukweli hata kama muuza duka atanuna. Azuma na amoksilini ni dawa za kuua bakteria, haziui virusi vya mafua, na mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Ipo dawa ya oseltamivir, ambayo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, nayo hutolewa na daktari. Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni hamlijui na mtaje siku mtakayorudi na jibu, kisha mrudi kweli, kwa sababu watu wanakumbuka aliyewadanganya katika ugonjwa kwa muda mrefu kuliko wanavyokumbuka ugonjwa wenyewe.

Tena rudieni. Mistari ile minne niliisema msikitini kwa ruhusa ya imamu, kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na kwenye misiba, ambako ilikuwa vigumu kuliko kwingine kote kwa kuwa kumnyima mfiwa mkono ni kumtukana. Wazee wa ukoo ndio waliotatua hilo kwa kukubaliana kwamba waombolezaji wanawe mlangoni kwanza. Mimi nisingeweza kuliamuru, nao waliliamua kwa sababu nilikuwa nimekaa nao miaka mingi kabla ya H1N1 kusikika. Kijana unayetaka kusikilizwa wakati wa hofu, hudhuria misiba yao sasa, jua majina ya watoto wao, keti na mabalozi wa nyumba kumi wakati hakuna unachowaomba.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa janga lile tarehe 10 Agosti 2010, lakini kirusi hakikuondoka; kiliendelea kuzunguka pamoja na mafua ya kila msimu. Kwa hiyo kijana wangu wa Shinyanga, kama shule ya kijijini kwako bado haina kibuyu chirizi, nenda Jumatatu ukaonane na mwalimu mkuu, na ubebe dumu, msumari, kamba na kipande cha chandarua.