Taa ikiwaka, imewaka tu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mtu akigundua kweli mashine ya umeme wa bure, kwa nini jamii isimtambue?", limenigusa pabaya. Kazi yangu ni kusuka mota hapa Korogwe, na haupiti mwezi bila mtu kunisogezea simu nitazame video ya jenereta isiyokula mafuta. Nitajibu, ila kwa kulipindisha kidogo, maana swali lenu limeshampa huyo mgunduzi ushindi kabla hajaulizwa chochote. Mimi nauliza: ni nani kati yetu angejua kuwa ni kweli?

Msimamo wangu kwanza. Mashine hiyo haipo. Mota ikizungusha alternata, na alternata ikairudishia mota umeme, kila mzunguko unakula kidogo: beringi inasuguana, mkanda unateleza, koili zinapata moto. Shika mota iliyofanya kazi nusu saa. Joto unalolisikia mkononi ni umeme uliokwisha kwenda zake. Jua, upepo na maporomoko ni habari nyingine, vile vina chanzo. Ufaransa, Akademia yao ya Sayansi iliamua mwaka 1775 kwamba haitachunguza tena mashine yoyote inayodaiwa kujiendesha milele. Nahisi walikuwa wamechoka kama mimi.

Sasa kilichonifanya nichukue kalamu. Mwaka 2006, mtakumbuka, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka mno na mgawo ukawa mgawo kweli. Nyuma ya stendi alikuwepo kijana fundi redio, mpole, mwenye mkono safi wa kuchomelea waya kwa risasi. Mota alinunua kwangu, hivyo naijua vizuri. Akachukua rimu ya lori akaijaza zege, akaifunga kwenye ekseli iwe gurudumu zito. Upande huu mota, upande ule alternata, katikati mkanda, chini betri ya N70 na inveta. Madai yake yalikuwa kwamba betri inaamsha mota, mota inazungusha zege, zege linazungusha alternata, alternata inajaza betri, na bado kinabaki cha kuwashia taa.

Jumamosi baada ya alasiri akaita watu. Stendi nzima ilihamia pale, makondakta, wauza machungwa, hata walimu. Alipobana klipu za betri lile gurudumu lilianza kwa uvivu, likanguruma, kisha taa ya wati 100 ikawaka peupe. Shangwe yake hamuwezi kuielewa kama hamkukaa gizani mwaka ule. Mama mmoja muuza maandazi akauliza, "Baba, na wewe kwako unanunua umeme wa LUKU?" Kijana akajibu, "Mama, na mgawo huu LUKU ya nini?" Watu wakavunjika mbavu, na hapo mkutano ukawa wake.

Nikamwambia, "Fundi, hebu chomoa betri."

"Shikamoo mzee. Betri ndiyo inayoiamsha."

"Marahaba. Imeshaamka, chomoa."

Nikazomewa. "Huyu anauza mota, ana wivu!" Mwingine akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee wetu, tuache kwanza tuone." Kijana akakubali niweke testa tu. Sindano ilikuwa inashuka, polepole lakini inashuka. Akaiona na yeye. Akasema betri ni ya zamani, haishiki chaji, akipata mpya nitashangaa. Na betri, haki yake nimpe, ilikuwa mbovu kweli. Sahani zake zilikuwa zimeota ukoga mweupe.

Jua likielekea kuzama taa ikawa ya njano, ikawa ya chungwa, na redio aliyoichomeka pembeni ikakatika taarifa ya habari ikiwa katikati. Lakini zege ni zito, mhariri. Gurudumu liliendelea kuzunguka taa ikiwa imeshazimika, na kuna watu walipiga makofi kwa hilo pia! Tukatawanyika. Baadaye kijana akahama mji. Leo hii kaa kwenye bao la pale stendi uulize: utaambiwa mashine ile iliwaka usiku kucha, na kwamba wenye maduka ya jenereta walimhonga aondoke. Anayesimulia kwa nguvu zaidi alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi ilipozimika.

Nilitaka kuishia hapo, niseme umma wetu hauna macho. Lakini kadiri ninavyoandika naona siwatendei haki. Yule kijana hakuwa tapeli. Hakuwa kama Charles Redheffer wa Marekani, aliyedai mashine yake inajiendesha yenyewe. Mwaka 1813, kule New York, Robert Fulton, mhandisi wa meli za mvuke, aligundua gurudumu la mashine hiyo halizunguki kwa mwendo sawa, akabomoa mbao na kufuata kamba iliyofichwa mpaka darini, akamkuta mzee anazungusha mkono wa mashine. Kijana wetu aliamini. Na hebu tufikirie kwamba mashine yake ingekuwa ya kweli. Siku ile ingeonekanaje? Taa ile ile, betri mbovu ile ile, mzee mmoja msumbufu na testa yake. Taa ikiwaka, imewaka tu. Haisemi umeme wake umetoka wapi. Aliyepiga makofi na aliyezomea wote walikuwa wanatazama balbu.

Tena vitu vya kweli vimeshapitwa hivyo hivyo. Ndugu wawili wa Wright waliruka kwa ndege mwaka 1903. Miaka miwili iliyofuata waliruka juu ya malisho karibu na Dayton, Ohio, kando ya njia ya tramu, abiria wakiwaona, na magazeti ya mji kwa sehemu kubwa yakapita kimya. Shahidi wa kwanza kuandika kwa kirefu alikuwa mfuga nyuki, Amos Root, kwenye jarida lake la nyuki, Januari 1905! Nao walijichelewesha: kwa hofu ya kuibiwa waliacha kuruka tangu mwishoni mwa 1905 hadi 1908, ndipo Ufaransa ikamwona mmoja wao, Wilbur, akiruka Le Mans. Kila video ninayoletewa, mgunduzi anaogopa kuibiwa.

Na hapo juu kwetu Lushoto, mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu Magamba aliweka maziwa ya moto kwenye friji, yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kumpa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Andiko lao likatoka 1969. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia jambo hilo wakasema hawakuliona. Ubishi haujaisha, lakini ni ubishi wa watu wanaopima.

Kwa hiyo, ingawa nimesema mashine haipo na bado nasema haipo, jibu langu ni kwamba ingeweza kupita katikati yetu tusiijue. Akitokea mwingine nitakwenda. Masharti yangu: betri itoke nje ya chumba, zifungwe mita mbili za kupimia umeme, moja ya kinachoingia na moja ya kinachotoka, na ufunguo wa mlango asikae nao yeye wala mimi. Iachwe mwezi mzima. Mota atanunua popote apendapo, isipokuwa kwangu.

Msomaji wenu, Korogwe