Nimeacha mshahara, nachonga mbao za majahazi: je, nina dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni kijana wa Lamu, nina mke na watoto wawili. Nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja, nikaacha kazi kwa hiari yangu. Sasa naokota mbao zinazoletwa na maji ufuoni, nyingine za majahazi makuukuu nanunua Matondoni, nazifanya fremu za vioo, vibao vya kukalia na masanduku, na nyingine nazitia nakshi. Wakati wa kaskazi wageni hununua. Kusi ikivuma, huenda wiki mbili zikapita nisiuze kitu. Moyo wangu umetulia kuliko nilivyokuwa ofisini. Lakini babangu ameudhika, asema alinisomesha bure, na mkwe wangu asema hakumuoza mwanawe kwa muokota kuni. Rafiki yangu naye ameniambia kuwa kutafuta raha ya nafsi katika kazi ni mambo ya Wazungu, Muislamu hutafuta riziki basi. Pesa za kununulia patasi na misumeno nilizipata kwa kuuza bangili za mke wangu, na yeye hakukataa. Je, nimekosa mbele ya Allah?

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na swahaba zake.

Mwanangu, kuacha kazi ya halali na kushika nyingine ya halali si dhambi, madhali uliaga kwa mujibu wa mkataba wako na hukuondoka na amana ya mtu. Hilo halihitaji maneno mengi. Wazee wa mui huu wengi waliishi kwa bahari, shamba na ufundi, wakalea, wakahiji, na hawakupata kutia saini karatasi ya mshahara.

Na kazi ya mkono ina daraja yake. Bukhari amepokea kwa Miqdam kuwa Mtume (s.a.w.) amesema: hajapata mtu kula chakula kilicho bora kuliko kula kwa kazi ya mkono wake, na Nabii wa Allah Daud alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Daud huyo alikuwa mfalme. Angetaka angekula kwenye hazina, lakini alifua deraya za chuma, kama tusomavyo katika Surat Sabaa. Zakariya, kwa hadithi ya Muslim, alikuwa seremala. Mkweo aliposema "muokota kuni" alikusudia kukushusha, kumbe Mtume amesema kuwa mtu kuchukua kamba yake, akaja na mzigo wa kuni mgongoni, akauuza, Allah akamsitiri uso wake, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Hadithi hii lakini usiende kumsomea. Mkwe hajibiwi kwa hadithi, hupelekewa samaki.

Rafiki yako amesema kweli nusu. Si kweli kwamba raha ya nafsi ni jambo la Wazungu. Swahaba Salman alipomkuta swahaba mwenzake Abu Dardaa amejinyima usingizi, chakula na hata mkewe kwa ajili ya ibada, alimwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema: Salman amesema kweli. Nafsi imetajwa hapo kwa jina lake, na ahali wametajwa hapo hapo. Utulivu wako basi ni neema ya kushukuru, lakini usiufanye dalili. Wako watu wanaolala usingizi mnono juu ya mali ya yatima. Kinachoonyesha kuwa uko sawa ni haki za wale wanaokutegemea, na kwa hilo barua yako imenitia wasiwasi mahali pawili.

Pa kwanza ni hizo wiki mbili za kusi. Hukusema watoto wanakula nini. Mtume amesema, kwa mapokezi ya Abu Daud: yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapoteza wale anaowalisha. Imamu Ghazali, ambaye sisi Mashafii twamsoma sana, mwaka 1095 aliacha kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, kazi ambayo wanavyuoni wa zama zake waliitamani. Moyo wake haukuwa na raha nayo. Aliigawa mali yake, lakini yeye mwenyewe ameandika kuwa alibakisha ya kumtosha na ya chakula cha watoto wake. Ndivyo mtu mwenye akili anavyoondoka kazini.

Pato kutokuwa sawa kila mwezi si kosa. Allah amesema katika Surat Talaq: mwenye wasaa agharimu kwa wasaa wake, na ambaye riziki yake imedhikishwa agharimu katika alichopewa na Allah. Na Mtume alikuwa akiuza tende za mitende ya Bani Nadhir, akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima. Tende zina msimu kama wageni wako walivyo na msimu. Kaskazi ikiwa nzuri, usinunue simu. Nunua gunia la mchele, unga, sukari na mafuta, lipa karo, uweke ndani hata kusi ikianza watoto wasijue kuwa wageni wameondoka. Na kusi ikikushinda, nenda kwa wenye maduka uwaandikie daftari zao jioni. Hesabu unazijua, na babako ataona kuwa ile karo yake haikupotea.

Pa pili ni bangili. Umezipitia kwa maneno mawili, nami sitaki kuzipita. Umesema "hakukataa". Allah katika Surat Nisaa amehalalisha kwa mume kile ambacho mke ametoa katika mahari yake kwa radhi ya nafsi. Kutokataa si kuridhia. Imamu Shafii amenukuliwa na kanuni mashuhuri, kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Mwanamke wa kwetu anaweza kuvua bangili mkononi akampa mumewe huku moyo unamuuma, kwa sababu ya haya, au kwa kuwa mama mkwe yupo ukumbini. Muulize mkiwa wawili, wakati hamna ugomvi: ulinipa, au ulinikopesha? Akisema nilikupa, mshukuru. Akisema nilikukopesha, liandike deni kama Aya ya deni katika Surat Baqara inavyoelekeza. Ikiwa alikukopesha bangili zenyewe, deni lako ni dhahabu ya uzani ule ule hata bei ikipanda. Na akisita, hesabu kuwa ni deni. Hilo lina haraka kuliko swali lako lote.

Kuhusu mbao za ufuoni, wavuvi na mabaharia hubishana sana, na Bukhari ameweka mlango mahsusi katika kitabu cha vya kuokota: mtu akikuta ubao baharini. Ameleta humo kisa cha mtu wa Bani Israili aliyekopa dinari elfu, akakosa chombo cha kurudia siku ya ahadi, akazitia ndani ya ubao akautupa baharini. Aliyemkopesha alitoka ufuoni akauchukua kuwa kuni, alipoupasua akakuta pesa zake. Basi ubao ulioliwa na maji ya bahari, usio na alama wala mwenyewe, chukua. Lakini boriti za mikoko zilizofungwa korja na kuporomoka chomboni, au ubao wenye rangi na jina la chombo kilichovunjika juzi ambacho mui mzima wamjua mwenyewe, hizo ni mali ya watu. Uliza gatini na kwa wavuvi. Kitu cha thamani hutangazwa mwaka mmoja.

Nakshi za maua na majani hazina neno. Ukiagizwa uchonge ndege au samaki, mkumbuke yule fundi aliyemwambia swahaba Ibn Abbas kuwa maisha yake ni kazi ya mikono yake naye hutengeneza sanamu. Ibn Abbas alimtajia adhabu ya wenye kuzifanya hata uso wa mtu yule ukageuka rangi, kisha akamwambia: kama huna budi, fanya mti na kila kisicho na roho. Hakumwambia aache ufundi.

Babako hawezi kukulazimisha urudi ofisini, wala kutorudi kwako si kuasi wavyele. Kuasi ni kumpandishia sauti. Mchukue siku moja hadi pale unapochonga, umkalishe kwenye kibao ulichokitengeneza, na umwonyeshe daftari la mapato na matumizi, miezi ya kaskazi na ya kusi, bila kuficha ile mibaya. Kama daftari hilo hujaliandika bado, lianze kabla hujamwita.

Wallahu aalam.